Mkopo Unakwama Wapi? Niliyoyaona Nikitafiti Thamani ya Mchakato Ndani ya SACCOS

Januari ni mwezi mrefu kwa mfanyakazi wa Tanzania, na kwa afisa mikopo wa SACCOS, chama cha ushirika cha akiba na mikopo, huwa mrefu maradufu. Ada, sare, nauli za watoto wa bweni, kodi ya nyumba ya miezi sita: vyote hugonga hodi kwa pamoja, na vyote huishia kwenye fomu ileile ya mkopo. Nilikaa upande wa ndani wa dirisha hilo kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi chuo kusoma shahada ya uzamili, kwa hiyo mada ya utafiti haikunipa shida. Nilitaka kujua kwa nini mkopo wa mwalimu mwenye akiba ya kutosha, mshahara wa uhakika na wadhamini wanaojulikana huchukua wiki kadhaa kutoka, ilhali kazi yenyewe ya kuushughulikia, ukiijumlisha yote, haifiki hata nusu siku.

Kazi niliifanyia Moshi, kwenye SACCOS ya wafanyakazi ambayo sitaitaja jina. Moshi na ushirika wamekua pamoja. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1933 na wakulima wa kahawa, chuo cha ushirika kikafunguliwa 1963, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Huku hata muuza ndizi sokoni atakueleza tofauti ya hisa na akiba, tena bila kuacha kupanga mikungu yake. Faida yake ni kwamba unapomhoji mwanachama hakuna haja ya kumfundisha kwanza. Hasara yake ni kwamba kila mtu ana jibu tayari, na majibu hayo hayafanani.

Msimamizi wangu wa chuo alisoma pendekezo la kwanza akalirudisha na swali moja la kalamu nyekundu pembeni: ukiokoa siku kumi, nani anapata nini?

Swali hilo lina fani yake, ile ya usimamizi wa michakato ya kazi. Mwaka 1990 Michael Hammer, mtaalamu wa usimamizi wa Marekani, aliandika katika Harvard Business Review akiwalaumu mameneja kwa kutia kompyuta ndani ya taratibu mbovu badala ya kuzifuta taratibu zenyewe. Mfano wake mashuhuri ni Ford: idara ya kuwalipa wauzaji kwa Amerika Kaskazini ilikuwa na watu zaidi ya 500, wakati Mazda iliifanya kazi ya aina hiyo kwa watu 5. Ford haikuajiri makarani wenye vidole vyepesi zaidi. Iliondoa ankara, ikawa inalipa pale mzigo unapopokelewa na kuonekana kwenye mfumo. Nilipousoma mfano huo kwa mara ya kwanza nilikuwa naiwazia ofisi yetu, na fomu yetu ya kurasa nne yenye sehemu tatu za muhuri.

Lakini wimbi la kusuka upya michakato lililofuata miaka ya tisini lilibeba mambo mengi, likiwemo kupunguza watu kazini kwa jina la uboreshaji, na wengi hawakuweza kuonyesha kama uboreshaji huo ulilipa. Ndipo watafiti wengine wakaanza kuuliza kwa hesabu. Mwaka 2010 Jan vom Brocke, Jan Recker na Jan Mendling (ndiyo, wote watatu ni Jan) walipendekeza mchoro wa mchakato uunganishwe moja kwa moja na fedha: kila hatua iandikwe kinachotoka, kinachoingia na lini, kisha miundo miwili ya mchakato ilinganishwe kama unavyolinganisha vitega uchumi viwili. Mwaka uliofuata Hans Ulrich Buhl na wenzake walionyesha pengo katika maandishi ya fani: mbinu za kuboresha michakato zilikuwa tele, ila zilizomsaidia meneja kuamua kwa misingi ya thamani ya muda mrefu zilikuwa haba.

Nilianza kwa mchoro. Nilitumia alama za BPMN, lugha ya kimataifa ya kuchorea michakato, zile za viduara, mistatili na almasi ambazo toleo lake la pili lilitoka 2011, na nikaubandika ukutani ofisini. Mhasibu aliutazama akasema unafanana na ramani ya mabomba ya maji, na kwamba katika mabomba hayo maji hayamo. Nilicheka. Baadaye sentensi hiyo niliirudia mbele ya msimamizi.

Kisha nikahitaji takwimu za muda. Mtafiti Mholanzi Wil van der Aalst na wanafunzi wake wamejenga elimu nzima ya kuchimba michakato: unachukua kumbukumbu za mfumo wa kompyuta, namba ya ombi, hatua, saa na tarehe, na programu inakuchorea mchakato ulivyotembea kweli badala ya ulivyoandikwa kwenye mwongozo. Programu yetu ya mikopo ilikuwa na kumbukumbu hizo. Nilipozifungua nikakuta maombi ya wiki nzima yameingia Ijumaa jioni, moja baada ya jingine, yakiachana kwa dakika chache. Karani alikuwa akiyapokea kwa karatasi Jumatatu hadi Ijumaa, halafu anayaingiza yote kwa mkupuo watu wakishaondoka. Kwa kompyuta, wanachama wetu wote walikuwa wanaomba mkopo siku moja ya wiki baada ya saa kumi jioni.

Kwa hiyo nilirudi kwenye karatasi. Daftari la kupokelea barua, tarehe za mihuri, tarehe zilizoandikwa kwa penseli kwenye kona ya fomu, na meseji za WhatsApp ambazo katibu wa kamati ya mikopo aliniruhusu kuzisoma. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na ndiyo sehemu ya utafiti ninayoiamini kuliko zote. Anayefanya utafiti wa aina hii katika ofisi zetu asianze na programu ya kuchimba data. Akae kwanza na karani.

Kuna kanuni ya foleni ya mwaka 1961 ya mtafiti John Little iliyonisaidia pale tarehe zilipokosekana. Idadi ya maombi yaliyolala mezani, ukiigawa kwa idadi yanayoingia kwa wiki, inakupa wastani wa wiki ambazo ombi moja hukaa. Tuseme mezani kuna mafaili 60 na kila wiki yanaingia 20: kila moja linakaa wiki tatu. Huhitaji mfumo. Unahitaji kuhesabu mafaili tu, mradi mtiririko uwe umetulia kidogo, na ndiyo maana nilihesabu Mei na Juni badala ya Januari.

Picha ikawa wazi. Karibu muda wote ulikuwa wa kusubiri: kusubiri saini za wadhamini, kusubiri barua ya mwajiri na hati ya mshahara, kusubiri kikao cha kamati, kusubiri hundi. Muda wa mtu kushika kalamu na kukagua kama mwombaji atabaki na theluthi ya mshahara wake baada ya makato ulikuwa mdogo sana.

Vitabu vya fani hii vinakufundisha kupanga hatua katika makapu matatu: zile ambazo mteja angekubali kuzilipia, zile ambazo taasisi inazihitaji ili iendelee kuwa salama na halali, na zile ambazo zikifutwa hakuna atakayezililia. Hatua ya wadhamini ilionekana wazi kuwa ya kapu la tatu. Mwalimu anapanda daladala kwenda shule ya jirani kumtafuta mwenzake atie saini, hamkuti, anarudi kesho. Kwenye mchoro wangu hatua hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote, na sikuona inazalisha nini.

Kisha nikawahoji wadhamini wenyewe. Mwalimu mmoja wa sekondari, baada ya shikamoo na chai, alinieleza kwa nini alikataa kumdhamini mtu aliyefundisha naye muda mrefu. Alijua ana mkopo mwingine mtaani, na alijua mshahara wake unaisha tarehe mbili. Hakuna fomu inayouliza hivyo, na kama ingeuliza hakuna angejibu kweli. Mdhamini anajua kwa sababu akiba yake mwenyewe inafungwa. Rafiki akishindwa kulipa, yeye ndiye atakatwa. Mjumbe wa kamati ya mikopo, mama mstaafu aliyekuwa mwalimu mkuu, aliniambia kwa upole: "Mwanangu, ukiwaondoa wadhamini utakuwa umeniajiri mimi kumpeleleza kila mwalimu wa mkoa huu, na mimi miguu inauma."

Ukilihesabu kwa thamani, jambo hilo linabadilika sura. Siku za kutafuta saini ni gharama, lakini ndani yake umenunua habari ambazo benki hulipia kwa njia nyingine. Nikaanza kuwatenganisha waombaji. Anayeomba kiasi kisichozidi akiba yake mwenyewe hana hatari kwa chama. Akishindwa, akiba yake inafidia. Kwake saini za wadhamini hazinunui kitu. Anayeomba mara tatu ya akiba yake ni habari nyingine kabisa. Mchoro wangu ulikuwa unawapitisha wote kwenye mlango mmoja, na wastani wa muda niliouhesabu ulikuwa unawachanganya.

Sasa nije kwenye lile swali la kalamu nyekundu. Katika kampuni jibu lake ni jepesi angalau kwenye karatasi: thamani ni ya mwenye hisa, na mteja ni mtu mwingine. Ukipandisha ada ya fomu, mteja anatoa, mwenye hisa anapata. Katika SACCOS ni mtu yuleyule. Riba anayolipa mwanachama inazunguka, sehemu inalipa mishahara ya ofisi, sehemu inaingia akiba ambayo sheria inakitaka chama kuiweka, sehemu inamrudia mwishoni mwa mwaka kama gawio. Mchakato ukionekana unaleta faida kwa sababu tumeongeza ada, tumemtoa mwanachama fedha mfuko wa kushoto tukamtia wa kulia, tena zikiwa zimepungua njiani. Nilipolieleza hili kwenye semina ya idara, mhadhiri mmoja wa fedha alisema basi hakuna haja ya kuhesabu. Mwingine, wa ushirika, alisema hapo ndipo hesabu inapoanza. Nilikuwa upande wa wa pili, na bado niko huko.

Tatizo la kihesabu lilijitokeza kwenye kiwango cha kupunguzia thamani ya fedha za baadaye. Shilingi ya mwezi ujao ina thamani ndogo kuliko ya leo. Ndogo kwa kiasi gani inategemea ni nani anayesubiri. Chukua mkopo wa milioni 3 uliochelewa mwezi mmoja. Chama kinatoza riba ya asilimia 1 kwa mwezi, kwa hiyo kwa upande wa chama ucheleweshaji huo ni kama shilingi 30,000 za riba ambazo hazikuingia. Kiasi cha kukasirisha, lakini hakuna atakayeitisha kikao cha dharura kwa ajili yake.

Upande wa pili yupo mama mmoja, mwalimu wa msingi, ambaye mtoto wake alitakiwa kuripoti bweni. Mkopo wake ulikuwa mezani kwetu. Yeye akaenda kwa wale wa mkopo kausha damu, akachukua laki 5, na baada ya mwezi akarudisha laki 6 na nusu. Elfu 150 kwa mwezi mmoja, kwa sehemu ya sita tu ya fedha alizokuwa anazisubiri kutoka chama chake mwenyewe. Kwenye vitabu vyetu hasara hiyo haipo. Kwenye mchoro wa mchakato haipo. Kumbukumbu za kompyuta, hata zingekuwa safi, zisingeionyesha, kwa sababu ilitokea kwenye duka la mtu mwingine. Na aliyeipata ni mmiliki wa SACCOS.

Nikaamua kuandika hesabu mbili kwa kila muundo, moja kwa macho ya chama kama taasisi na nyingine kwa macho ya mwanachama kama kaya. Mtahini wa nje hakupenda. Alisema mkopo wa mtaani uko nje ya mipaka ya mchakato na nikiuingiza nitaingiza na mengine yote. Hoja yake ina nguvu: ukifungua mlango huo, utaacha wapi? Nilimjibu kwamba mipaka ya mchakato niliichora mimi kwa rula, na kwamba niliingiza tu fedha ambazo mwanachama alizitoa kwa sababu ombi lake lilikuwa mezani na ambazo angeweza kunionyesha ushahidi. Alikubali kwa masharti, nikapunguza sura moja.

Kilichonishangaza kuliko vyote hakikutokana na muda wala wadhamini. Kilitokana na kutii ile kanuni ya kuandika fedha inayoingia na inayotoka kwa kila hatua. Nilipofika hatua ya mwisho, ya kutoa hundi, ilinibidi niandike fedha hiyo inatoka wapi. Jibu la haraka ni benki. Benki inaipata wapi? Kwenye makato ya mishahara. Makato yanafika lini?

Hapo mhasibu aliinuka akafunga mlango.

Mwajiri alikuwa akikata kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Hati za mshahara za wanachama zilionyesha hivyo. Kuyaleta makato yale kwenye akaunti ya chama lilikuwa jambo jingine. Mara wiki tatu, mara mwezi na zaidi. Fedha ikikosekana, kamati ya mikopo ilikuwa inasogeza kikao. Hakuna aliyesema "hatuna fedha", kwa sababu mwanachama akisikia hivyo kesho anakuja kutoa akiba yake, na kesho kutwa wanakuja wote. Ikawa inasemwa kwamba fomu haijakamilika, kwamba barua ya mwajiri ina kasoro, kwamba mjumbe mmoja amesafiri. Urasimu uleule niliokuja kuutibu ulikuwa unafanya kazi ya kugawa fedha chache kwa watu wengi, kimyakimya, kwa kuwachosha wale wenye haraka ndogo.

Hesabu yake ni rahisi hadi inauma. Tuseme makato ya mwezi ni milioni 40 na siku zote yako nyuma kwa mwezi mmoja. Maana yake chama kimemkopesha mwajiri milioni 40 bila riba, mkopo wa kudumu, bila fomu, bila mdhamini hata mmoja. Kwa asilimia 1 kwa mwezi ni laki 4, na kwa mwaka ni milioni 4.8. Hakuna hatua yoyote ndani ya ofisi yetu ambayo ukiifuta ingerudisha kiasi hicho. Na tungenunua vishikwambi, tukapeleka fomu mtandaoni na kufanya kamati ipitishe mikopo kwa simu, foleni ingehama tu kutoka kwenye meza ya afisa mikopo hadi kwenye dirisha la hundi, ambako wanachama wangekuwa na hasira zaidi kwa sababu wameshaambiwa wamekubaliwa.

Waholanzi wanafundisha kuhusu pembe nne za ibilisi: muda, gharama, ubora na wepesi wa kubadilika, ukivuta moja nyingine inalegea. Ni chombo kizuri cha kufundishia. Ila pembe zote nne ziko ndani ya mchakato, na hakuna hata moja inayouliza kama mchakato una mafuta. Nadhani ndiyo tofauti ya kweli ninayoweza kuitetea kati ya kutafiti mchakato kwa saa na kuutafiti kwa thamani. Saa inakupeleka hadi kwenye ukuta wa ofisi. Fedha haitambui ukuta huo.

Mapendekezo niliyapeleka kwa bodi, bodi ikayapeleka mkutano mkuu. La kwanza lilisema mkopo usiozidi akiba ya mwombaji usihitaji wadhamini wala kikao. Afisa na meneja waupitishe siku hiyohiyo, na kamati isomewe orodha baadaye, huku bodi ikitenga fungu maalumu ili ahadi ya siku hiyohiyo isigeuke maneno matupu. La pili lilitaka mikopo mikubwa iwe na mdhamini mmoja badala ya watatu. La tatu lilihusu mwajiri: mkataba wenye tarehe ya kuleta makato, na taarifa ya malimbikizo katika kila kikao cha bodi.

La kwanza lilipita bila mjadala mrefu. La pili lilipigwa chini, na aliyeongoza upinzani alikuwa kijana, siyo mzee kama nilivyotarajia. Alisema wakati mwingine yeye hutaka kukataa kumdhamini ndugu lakini hawezi peke yake. Wakiwa watatu, mmoja atakataa na wengine wawili wanapumua. Ukumbi ulicheka, kisha ukampigia makofi. Sikuwa na safu ya kuandikia thamani hiyo kwenye majedwali yangu, na sidhani vom Brocke na wenzake wanayo.

La tatu lilipita pia, lakini barua ya kwanza kwa mwajiri haikujibiwa, wala ya pili. Bodi ikaamua kubandika kwenye ubao wa matangazo, kila mwezi, tarehe ambayo makato yamepokelewa, bila maelezo yoyote zaidi ya tarehe. Walimu walianza kuisoma wakija kuulizia mikopo yao. Baada ya muda wakaacha kumuuliza afisa mikopo, wakaanza kwenda na maswali yao kwa mhasibu wa mwajiri.